Nani mwingine anategemea simu tu kujua habari? Nimepigwa na bango feki la mafuta

BajajiMbili:

Wakuu habari za jioni. Msinicheke kwanza, au chekeni halafu mnijibu.

Mimi TV nimeacha kuangalia kitambo. Ile ya sebuleni wameiteka watoto na katuni zao, kifurushi kikiisha naweza kukaa hata miezi mitatu sijalipia na sioni pengo. Gazeti ndo usiseme, mara ya mwisho kulishika ilikuwa kwa kinyozi tena la wiki iliyopita. Habari zangu zote ni simu, asubuhi statasi za watu, mchana grupu la madereva, usiku TikTok mpaka usingizi unanipitia simu inanidondokea usoni. Na kusema ukweli nilikuwa najiona mjanja maana vitu vingi nilikuwa navijua kabla ya hao wa taarifa ya saa mbili, lile ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 mimi nimeshaangalia video tatu wakati jirani mwenye redio ndo kwanza anauliza kuna nini mjini.

Sasa juzi Jumatatu usiku kwenye grupu likaangushwa bango, nembo ya EWURA (wale wanaopanga bei za mafuta) ipo, rangi zao zipo, linasema kuanzia saa sita usiku petroli inapanda shilingi 600 kwa lita. Chini yake voisi ya mtu mzima, sauti imetulia kabisa, "jamani nina ndugu yangu yuko bohari Kigamboni, meli hazijashusha, mwenye uwezo ajaze leo". Basi nikatoka na madumu matatu ya lita 20. Sheli ya kwanza wakakataa kuuza kwenye dumu, ya pili nikaongea na kijana vizuri (mnaelewa), lita 60 zikaingia, karibu laki mbili ikatoka na ilikuwa hela ya marejesho ya bajaji moja.

Njiani nikampigia baba mkwe yuko Morogoro nimtonye, maana nae ana pikipiki. Mzee ni mstaafu wa reli, redio yake iko dirishani imefungwa na mpira wa baiskeli tangu siku naenda kutoa posa. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Leo tarehe ngapi mwanangu?" Nikamtajia. Akasema, "EWURA wanatoa bei Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sasa hao wa Jumatatu katikati ya mwezi ni EWURA ya wapi?"

Wakuu niliishiwa pozi. Mzee hakufungua hata intaneti, hajaliona hilo bango, kaniua kwa kalenda tu.

Swali langu, kuna mtu hapa anaishi na simu tu na hapigwi? Mnafuata akina nani, mnajuaje hii ya kweli hii ya kutunga? Au ndo nirudi kwenye taarifa ya habari, ambayo na yenyewe sina hamu nayo, nusu nzima ni mheshimiwa kakata utepe na nusu nyingine mheshimiwa kawaasa wananchi.

---

PaziLaNyuma:

😂😂😂 Mkuu hizo lita 60 umezilaza wapi? Usiniambie ndani.

---

BajajiMbili:

Stoo ya uani. Wife kahamisha jiko la mkaa na haongei na mimi.

---

PaziLaNyuma:

Zitoe humo kabla wewe mwenyewe hujawa habari ya saa mbili.

---

KobeHanaPupa:

Pole mkuu ila usikimbilie kujilaumu ukarudi kwa TV kama vile TV ni msahafu. Mimi nakurudisha Machi 2021. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27, baada ya hapo kimya. Tulisoma Twitter kila usiku, gazeti la Kenya likaandika kuna kiongozi wa Afrika amelazwa Nairobi bila kumtaja jina, sisi huku vyombo vyetu vinaripoti mambo mengine kabisa kama hakuna kitu. Machi 12 Waziri Mkuu akawaambia watu Njombe kwamba Rais yupo na anachapa kazi. Kuna watu wakakamatwa kwa kuandika mtandaoni kwamba anaumwa. Machi 17 usiku Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, akatokea TBC akatangaza msiba.

Sasa niambie zile wiki mbili na ushee nani alikuwa anajua nchi ina jambo, mwenye redio au mwenye bando? Aliyekaa anasubiri taarifa ya saa mbili alishtuka usiku ule kama kamwagiwa maji. Sisi tulishalia mapema.

---

KalamuKavu:

Kobe umekumbuka nusu. Nusu nyingine nakukumbusha mimi maana Twitter hiyo hiyo nilikuwemo. Mmoja anasema yuko Nairobi, mwingine kapelekwa India, kila mtu ana "chanzo changu cha uhakika", na kuna waliomzika kabla ya tarehe halafu wakafuta posti kimya kimya. Tangazo lilipotoka likasema kafariki hospitali ya Mzena, hapa hapa Dar. Kwa hiyo simu ilikuambia kweli moja kwamba kuna jambo, ikakupa na uongo mwingi juu yake, na wewe leo unaikumbuka ile kweli moja tu. Hivyo ndo redio mbao inavyofanya kazi tangu enzi na enzi, ikipatia unasema "si nilisema", ikikosea hakuna anayekumbuka nani alisema.

Ila pia nakubaliana na wewe kwamba kimya cha vyombo ndo kiliwapa hao wote soko. Mtu akikuta duka limefungwa atanunua kwa machinga, na machinga hatoi risiti.

Mimi nimeandika habari mkoani miaka 6, mwandishi wa kujitegemea, yaani unalipwa stori ikitoka, isipotoka umetembea bure. Nikupe mfano mmoja. Kuna watu walifukiwa kisimani kijiji fulani, kilomita kama 40 kutoka mjini, nimekwenda na bodaboda ya mkopo. Nimeongea na mwenyekiti wa kijiji, na familia, nimempigia kamanda wa polisi hapokei, nikakaa getini mpaka akatoka. Natuma stori, mhariri anarudisha, umri wao? Kisima ni cha nani, mwenyewe umemtafuta anasemaje? Kijiji kinaandikwa na L au R? Nimechukia siku ile nusu nipasue simu. Wakati huo huo kuna kurasa za Insta zimeshaandika wamekufa 7 na zimewekewa picha ya shimo ambalo hata si la Tanzania. Walikuwa 3. Kesho yake gazeti likatoka na 3, kurasa zile zikachukua stori yangu nzima nzima zikabandika bila jina langu, ile ya 7 ikabaki juu pia, zote mbili zipo mpaka leo ukurasa mmoja.

Gazeti likikosea linaomba radhi, na mhariri anaweza kupandishwa kizimbani. Ukurasa ukikosea unabadilisha jina.

---

Dogo_Jr:

Wazee mnajipa kazi. Mimi siangalii chochote na sifuati ukurasa wowote wa habari na najua kila kitu. Habari ikiwa kubwa itanifikia tu, kama haijanifikia basi hainihusu.

---

KalamuKavu:

Dogo, soma tena uzi. Kilichomfikia mwenzetu chenyewe ni bango feki. Ile ya kweli kwamba bei zinatoka Jumatano ya kwanza haijawahi kumfikia na ana bajaji mbili. Unajua kwa nini? Haina utamu. Hakuna mtu anaichukua anasema "duh" anaifowadi. TikTok inakuonyesha kinachokufanya usitoke, haina habari na wewe kama una bajaji au una punda. Mambo yanayogusa mfuko wako mengi ni mabovu kusikiliza, bajeti ya Juni, ada ya leseni, mgao wa maji, yanatangazwa mara moja kwa lugha ya kiofisi halafu basi. Mzee wa Morogoro kayapata kwa sababu redio haimuulizi anapenda nini, inamsomea yote, mpaka ya utepe.

---

BajajiMbili:

Hapo kwenye punda umenigusa 😅. Lakini Kalamu, kwani nyie waandishi mko safi? Maana bahasha tunazisikia.

---

KalamuKavu:

Hatuko safi. Bahasha zipo, mtu anaitwa kwenye semina, anapewa nauli kubwa kuliko nauli, na stori inatoka inanukia ile nauli. Na woga upo, kuna stori unaijua lakini hutaiandika kwa sababu leseni ya gazeti ni ya kuombwa, ukisimama vibaya inasimamishwa. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi siku 30 kwa sababu ya katuni moja ya video kwenye kurasa za gazeti lao la Kiingereza, The Citizen. Ambayo pia inakuonyesha kwamba hiki unachokiita gazeti siku hizi nacho kinaishi humo humo kwenye simu yako. Tofauti haiko kwenye karatasi. Ni kwamba kuna mtu amelipwa kwenda, na kuna mtu atakayeulizwa. Na hao wa kulipwa kwenda wanapungua kila mwaka kwa sababu nyie mnasoma kwa yule aliyekopi. Mimi mwenyewe sasa hivi nauza vifaa vya umeme.

---

NjiaYaKusini:

Mimi ni dereva, Dar Mtwara, naomba niongee kama dereva.

Kimbunga Hidaya Mei 2024 mnakikumbuka. Grupu la ukoo wetu lilichafuka, kuna video ya mawimbi yanabeba magari na minazi inalala chini, imeandikwa "Mafia sasa hivi". Nikaiangalia vizuri, magari yanatembea upande wa kulia wa barabara. Mafia gani hiyo? Mama mdogo yuko Kilindoni tumempigia anasema upepo upo mvua ipo ila yuko anakaanga samaki. Wakati huo TMA, wale wa hali ya hewa, walikuwa wanatoa taarifa kila baada ya masaa, kimbunga kiko umbali gani, kinakwenda upande gani, boti za Zanzibar zimesimamishwa, lakini nani ataifowadi ile karatasi yao yenye namba.

Haya, usiku wa tarehe 4 kikapungua nguvu. Watu mitandaoni wakaanza kejeli, kimbunga gani hiki, TMA waongo, wakarudi kwenye Simba na Yanga. Sisi huku ndo kazi ilikuwa inaanza. Mvua ilikula barabara ya Dar Lindi kule Somanga, maji yakaondoka na lami na makalavati. Na hapa ndo namtetea mwenye simu, habari ile niliipata kwenye grupu la madereva kabla ya redio yoyote, picha kapiga dereva mwenzangu, gari lake nalijua, sauti yake naijua, anasema niko hapa mbele yangu hakuna barabara msije. Nilikuwa natoka Mtwara, nikaishia Nangurukuru, nimelala kwenye gari siku kadhaa na mzigo wa korosho. Waliokuwa nyuma yangu wasio kwenye grupu wakaja wakajaa.

Kwa hiyo mimi simu naiamini kwa kitu kimoja, mtu anayeongea yuko wapi. Yule wa Somanga alikuwa Somanga. Yule wa bohari Kigamboni wa kwenye voisi yako hayupo bohari, ana "ndugu yangu" yuko bohari. Ukishasikia ndugu yangu, jirani yangu, mtu wa ndani kabisa, weka simu chini kanywe chai.

---

MamaWawili:

Naongezea kidogo kwa wenye magrupu ya familia maana mimi ndo admini wa ukoo, kazi isiyo na mshahara.

Ujumbe ukija na mishale miwili pale juu maana yake umeshapitia watu wengi, WhatsApp toka 2020 ujumbe wa hivyo haukuruhusu kuutuma zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Mimi nikiona ile mishale nauchukulia hauna mwenyewe. Picha naipeleka kwenye Google Lens, mara nyingi inakuja na mwaka, unakuta mafuriko "ya leo Jangwani" ni ya nchi nyingine miaka saba iliyopita. Voisi ndo mtihani, voisi huwezi kuitafuta popote, ndo maana wazushi wanazipenda.

Lakini shida kubwa ni adabu. Mama mkubwa katuma kwamba vitunguu saumu vinatibu presha mtu aache dawa, utamwambiaje muongo mbele ya ukoo mzima? Mara ya kwanza nilisahihisha pale pale kwenye grupu, akanyamaza wiki mbili, msibani hakunisalimia. Siku hizi nampigia pembeni, shikamoo mama mkubwa, habari za miguu, ile ya asubuhi nimeulizia kwa daktari kasema usiache vidonge. Anaifuta mwenyewe na anasema simu ilijituma.

---

MtaaWaKati_254:

Niaje majirani, nawasoma kutoka Nairobi. Huku kwetu TV ziliwahi kuzimwa na serikali, Januari 30, 2018, siku Raila anajiapisha Uhuru Park. Citizen, NTV, KTN zikapotea hewani, tukaangalia kila kitu YouTube na Facebook, na korti ilipoamuru zirudishwe bado zikakaa siku kadhaa ndo zirudi. Kutoka hiyo siku mimi sijawahi kuamini kwamba TV iko tu pale kama ukuta.

Halafu Juni 2024 ile Finance Bill, mswada wa kodi mpya. Hakuna mtu wa kawaida angesoma ile document. Ni vijana TikTok walikaa chini wakaipasua kipande kwa kipande, hapa VAT ya mkate 16%, hapa ushuru wa gari 2.5% kila mwaka, wengine wakieleza kwa Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, mpaka shosho kijijini akajua mkate wake umeguswa. Hiyo kazi redio ingefanya lakini walifanya vijana bila mshahara. Juni 25 watu wakaingia Bunge, kesho yake Rais akasema hatasaini.

Lakini sitadanganya, usiku huo huo wa Juni 25, uvumi wa watu kupigwa risasi mtaa wa Githurai ulipoenea, nililala saa kumi nikirefresh, kila posti ina idadi yake ya waliokufa, moja kubwa kuliko nyingine, na mimi nikashare zote kwa sababu nilikuwa na hasira. Ndugu yangu anakaa huko huko Githurai na sikuwahi kumpigia. Nilikuwa busy kushare. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

---

KobeHanaPupa:

254 umenimaliza hapo mwisho. Hata mimi 2021 sijampigia mtu.

---

Nipo_Muscat:

Assalaam alaykum wakuu. Mimi niko Oman mwaka wa tisa, mama yangu yuko Temeke. Kila kitu cha nyumbani nakijua kwa simu, nani kaoa, nani kafiwa, barabara yetu imemwagwa kifusi, naona picha kabla hata ya wanaoishi mtaa wa pili. X ilishafungwa huko tangu Mei 2025 lakini watu walikuwa na VPN, tukazoea.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa. Nilituma kwenye grupu "vipi huko", tiki moja. Nikatuma kwa mdogo wangu, tiki moja. Grupu la watu 84, mimi na wenzangu wa Muscat, Doha na yule wa Sweden tunaongea wenyewe kwa wenyewe, tunatumiana uvumi uliotoka kwetu na kurudi kwetu. Ikakaa hivyo mpaka Novemba 3.

Siku hizo simu ya kawaida ikikubali nampata mama. Ana redio ndogo ya betri, ile ya kushika mkononi ambayo kila nikirudi likizo nilikuwa namwambia itupe hii nikununulie simu kubwa. Dar kuna amri ya kutotoka usiku, yeye kajifungia anasikiliza DW ya Wajerumani na BBC, halafu mimi niko Muscat nina waifai ya nyumbani na simu ya bei mbaya, namuuliza yeye wamesema nini. Akanisomea kama mwalimu. Akimaliza anasema, "na kwa macho yangu nimeona hiki na hiki tu, mengine sijui", akakata kwa sababu salio linakwenda.

Sijamwambia tena atupe redio.

---

Dogo_Jr:

Mimi hizo siku nilikuwa Mwanza sikujua hata kesho tuna kazi au hatuna. Bando GB 20 ipo haina pa kwenda. Nilikuwa nakaa kijiwe cha kahawa na wazee, ndo mara ya kwanza.

---

BajajiMbili:

MREJESHO.

Samahani nilipotea. Jumatano ya kwanza imefika, bei mpya zimetoka na nimeziangalia mwenyewe kwenye tovuti yao, kumbe zipo kwa kila mkoa mpaka wilaya, miaka yote zipo na sijawahi kufungua. Haikupanda 600 wala haikukaribia huko.

Dumu moja lilikuwa la maji ya kunywa na halikukauka, bajaji moja imekula maji kwenye kabureta, fundi kachukua elfu 35 na siku nzima ya kazi imekwenda. Dumu la pili nimemaliza. La tatu bado liko stoo, wife kasema likilala hapo tena usiku mmoja yeye ataenda kulala kwa baba yake Morogoro, na huko mzee atamwambia yote.

Yule wa voisi nimemtafuta kwenye grupu. Aliyeituma kasema katumiwa na shemeji yake, shemeji kasema ilikuwa kwenye grupu la kanisa, la kanisa wamesema imetoka kwa dereva mmoja wa bajaji Mbagala. Nimeacha kutafuta, nilianza kuogopa nitajikuta ni mimi.

Kuna mtu anahitaji lita 20? Iko Mbagala Rangi Tatu, dumu lake ni kavu.